Ngome ya Minecraft inapatikana namna gani, na sababu gani sisi wa Fizi tujue



Kuna swali moja wadogo wananiuliza mara kwa mara, kwa mdomo na kwa WhatsApp: "Yaya, ile ngome ya Minecraft, ile ya chini ya udongo, inapatikana namna gani? Tumechimba wiki nzima, tunaona mawe tu." Wanalileta kwangu sababu wanajua niko na lisansi ya agronomia, topografia niliisoma, na mchezo huo ninaucheza. Leo nitajibu kwa urefu, juu jibu lake linazidi mchezo. Mtu aliyeelewa namna ngome ile inapatikana, ameelewa namna mahali popote palipofichwa panapatikana: chemchemi ya mlimani, shamba la zamani, kijiji ambacho jina lake limebaki kwenye vinywa vya wazee tu. Na vijiji vya namna hiyo, sisi watu wa Fizi tuko navyo.

1. NGOME NI KITU GANI

Kwa wale hawachezi: Minecraft ni mchezo wa kampuni Mojang ya Sweden. Toleo lake kamili lilitoka tarehe 18 Novemba 2011. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni ile kwa dola bilioni 2.5, na mwaka 2023 walitangaza kwamba nakala zilizouzwa zimepita milioni 300. Kwa mwenye ordinatere dhaifu na mfuko dhaifu, kuna mchezo wa bure unaofanana nao, unaitwa Luanti. Zamani uliitwa Minetest.

Dunia ya Minecraft imejengwa kwa matofali. Kila tofali ni mita 1 kila upande. Ukitoka katikati unaweza kwenda mpaka matofali milioni 30 kila upande, na hakuna mtu atakuambia nenda hapa, fanya hiki. Dunia yote inaota kutoka kwa namba moja, na namba hiyo wanaiita mbegu. Sisi wa agronomia neno hilo linatuchekesha kidogo, juu sisi tunajua mbegu moja ukiipanda kwenye udongo wa Ruzizi na ukaipanda kwenye udongo wa plato, haitoi kitu kimoja. Kwa Minecraft, mbegu ileile kwenye toleo lilelile inatoa milima ileile, mito ileile, na ngome pahali palepale.

Ngome yenyewe iko chini ya udongo. Iko na njia nyembamba za mawe, vyumba vya gereza, mara nyingine chumba cha vitabu, na chumba kimoja chenye mlango wa mafremu 12. Mlango huo njo unapeleka kwenye dunia ya mwisho ambako joka linangoja. Kwa toleo la ordinatere la siku hizi, dunia moja iko na ngome 128, zimepangwa kwa duara, duara moja nje ya lingine. Duara la kwanza liko na ngome 3, na zote 3 ziko kati ya matofali 1280 na 2816 kutoka katikati ya dunia. Kwa telefoni mpangilio ni mwingine, lakini namna ya kutafuta ni ileile.

Sasa tufanye hesabu ya shamba. Duara lile la kwanza, ukipima eneo lake, ni karibu kilometa za mraba 20. Ni kusema hekta karibu 2000. Ndani yake kuna ngome 3, tena chini ya udongo. Hata kama ungeweza kuchimba hekta nzima kila siku bila kupumzika, ungehitaji zaidi ya miaka 5 kumaliza. Wadogo, muelewe hapo sababu gani wiki nzima mnaona mawe tu. Mikono yenu haiko na shida, lakini kuchimba bila mstari ni kutupa nguvu.

2. JICHO MOJA NI MSTARI, MACHO MAWILI NI MAHALI

Mchezo unakupa chombo kimoja: jicho la Ender. Unalitengeneza kwa lulu ya Ender na unga wa blaze. Ukilirusha, linaruka kidogo, karibu matofali 12, kuelekea ngome iliyo karibu zaidi, linaelea, kisha linaanguka. Kila ukirusha, kuna nafasi 1 kwa 5 kwamba litavunjika. Jicho halisemi ngome iko mbali kiasi gani. Linasema upande tu.

Wengi wanafanya hivi: wanarusha, wanatembea hatua 50, wanarusha tena, hatua 50, wanarusha tena. Watafika, ndiyo, lakini macho yataisha njiani, na mlango unaweza kudai macho 12, moja kwa kila fremu. Kila fremu iko na nafasi 1 kwa 10 tu ya kuwa na jicho lake tayari. Kwa hiyo ukirusha ovyo utafika mbele ya mlango na mikono mitupu.

Mtu wa topografia anarusha mara mbili tu. Anarusha kwanza pahali anapojua, anaandika mstari. Kisha anaenda mbali kidogo kwa pembeni, anarusha tena, anaandika mstari wa pili. Pale mistari inakatana, njo ngome.

Tuchukue mfano, na ushike karatasi ya miraba, mraba mmoja uwe matofali 100. Kwenye telefoni fungua kwanza ile sehemu ya kuonyesha koordone. Namba X inapanda ukienda mashariki, namba Z inapanda ukienda kusini.

Umesimama katikati: X 0, Z 0. Umerusha jicho. Umefuata njia yake na umesimama chini yake pale X ni 6 na Z ni 8. Ni kusema, kila unapoenda 6 mashariki unaenda 8 kusini. Chora mstari huo kwenye karatasi, uupeleke mbali.

Sasa nenda pembeni, kwa pembe mraba na mstari ule, matofali 500. Utafika X 400, Z −300. Rusha tena. Tuseme safari hii jicho linaenda 1 mashariki kwa kila 3 kusini. Chora mstari wa pili kuanzia pale.

Mistari hiyo inakatana pale X ni 900 na Z ni 1200. Hakikisha: kutoka katikati, 6 mara 150 ni 900, na 8 mara 150 ni 1200. Kutoka pahali pa pili, 400 ongeza 500 ni 900, na −300 ongeza 1500, kwa kuwa 500 mara 3 ni 1500, inakuwa 1200. Pima na umbali kutoka katikati: ni matofali 1500, ndani ya lile duara la 1280 mpaka 2816. Namba tatu zinakubaliana. Umetumia macho mawili tu, na pengine hayajavunjika hata moja.

Ukifika pale, usichimbe wima chini ya miguu yako, utaanguka kwenye lava. Chimba kama ngazi, kwa mteremko. Ukikuta tofali lililochongwa katikati ya mwamba wa kawaida, simama. Mwamba haujichongi wenyewe.

3. NUSU YA TOFALI

Sasa sikilizeni jambo ambalo walimu wa topografia wanalirudilia mpaka tunachoka. Jicho linaruka matofali 12 tu. Ukisimama vibaya chini yake, ukakosea nusu ya tofali kwa pembeni, unaona ni kitu kidogo. Lakini nusu kwa 12 ni pembe ya nyuzi 2.4. Kwa umbali wa matofali 1500, pembe hiyo inakupeleka zaidi ya matofali 60 pembeni ya ngome. Kwa umbali wa matofali 200, kosa lilelile ni matofali 8 tu.

Hapo tunapata kanuni mbili. Ya kwanza: mstari wa mbali unakupa eneo la kutafuta, na mstari wa karibu unakupa mahali penyewe. Kwa hiyo ukifika karibu na pale mistari ilikatana, rusha jicho la tatu kabla ya kuchimba. Ya pili: mistari miwili iliyotoka karibu pahali pamoja haisaidii. Ukirusha, ukatembea hatua 10, ukarusha tena, mistari yako inakwenda pamoja kama reli mbili, na utashindwa kujua inakatana wapi. Umetumia macho mawili na umepata mstari mmoja tu. Shikeni hiyo ya pili vizuri, nitairudilia chini.

4. UVUMI NI JICHO LA NAMNA GANI

Michezo ya namna hii, ile unatembea dunia nzima kwa uhuru, inazaa uvumi kama mvua inavyozaa uyoga. Minecraft iko na Herobrine, mtu wa macho meupe ambaye watu walianza kumsimulia mwaka 2010. Hakuwa kwenye mchezo hata siku moja. Mojang wenyewe walicheka nao: mara nyingi, wakitoa toleo jipya, waliandika kwenye orodha ya mabadiliko kwamba wamemwondoa Herobrine. Watu wengine wakasema, "Munaona? Kama wamemwondoa, alikuwako!"

Kwa GTA San Andreas ya mwaka 2004, mchezo ambao vijana wengi wa Afrika wanaujua kuliko wanavyojua kata zao, uvumi ulikuwa juu ya mlima Chiliad: eti kuna jitu la manyoya linaishi kwenye msitu wake. Watu walipanda mlima ule usiku, mchana, wakati wa ukungu. Hakuna kitu. Wakati huohuo, ndani ya mchezo uleule kuna chaza 50 zilizofichwa chini ya maji, picha 50 za kupiga San Fierro, na viatu vya farasi 50 Las Venturas, ambavyo viko kweli na vinangoja mtu mwenye uvumilivu na daftari. Watu waliacha vya kweli vilivyofichwa, wakafuata cha uongo kilichosimuliwa vizuri.

Musidhani ni jambo la watoto wa siku hizi. Ziwa letu wenyewe lilikuwa na swali la namna hiyo. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakafika Uvira. Walitaka kujua: mto Rusizi unatoka ziwani, au unaingia ziwani? Kama unatoka, pengine unakwenda mpaka Nile. Watu wa pale waliwaambia wazi: unaingia. Lakini wageni wale hawakufika kwenye mdomo wa mto kuona kwa macho, na kwao Ulaya mabishano yaliendelea miaka mingi. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji, wakafika kaskazini ya ziwa, wakaona maji ya Rusizi yanaingia. Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Cameron, alipata Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa upande wa magharibi, pale Kalemie ya leo, kuyapeleka Lualaba.

Ninaona mafundisho mawili. La kwanza: mtu anayeishi pahali ndiye jicho la kwanza. Waliosema "unaingia" walisema kweli siku ya kwanza, miaka 13 kabla ya wazungu kuhakikisha. La pili: hata neno la kweli linabaki mstari mmoja mpaka mstari wa pili uje. Na angalieni ramani: ghuba iliyo mbele ya Baraka, kati ya mji na rasi ya Ubwari, kwenye ramani nyingi inaitwa Ghuba ya Burton. Watu waliomwambia ukweli juu ya Rusizi hawana hata kijito chenye jina lao. Jina linabaki kwa yule aliyeandika.

5. KUSOMA UDONGO

Kuna njia nyingine ya kupata kilichofichwa, na hiyo ni kazi yetu kabisa sisi wa agronomia: kuangalia kile ambacho hakifanani na jirani yake. Ndani ya mchezo ni lile tofali lililochongwa katikati ya mwamba. Ndani ya milima yetu ni mimea.

Pahali palipokaa watu panaacha alama hata nyumba zikiisha. Mistari ya mikaratusi iliyonyooka: msitu haupandi kwa mstari. Shina la ndizi pahali ambapo ndizi haziwezi kujipeleka zenyewe. Ua la mimea hai lililozunguka kiwanja. Njia za ng'ombe zilizochimbika kwenye mteremko, zote zinakutana pahali pamoja. Na alama kubwa kuliko zote ni zizi.

Ng'ombe anakula mchana kwenye eneo kubwa, usiku anarudi zizini na samadi anaiacha pale. Kila siku anabeba nitrojeni, fosforasi na kalisi kutoka milimani, anaziweka kwenye kiwanja kimoja kidogo. Miaka 10, miaka 20, udongo wa pale unakuwa mwingine kabisa. Watu wakihama, majani yanayoota pale ni mengine na rangi yake ni nyingine. Na hali hiyo haiishi upesi. Mwaka 2018 gazeti la sayansi Nature lilitoa utafiti juu ya mazizi ya zamani kule Narok, kusini magharibi ya Kenya: maboma matano ya wafugaji, ya miaka kati ya 1550 na 3700 iliyopita. Udongo wake bado umenona kuliko udongo wa pembeni, na pale majani ni mabichi kiasi kwamba doa linaonekana hata kwa picha za setilaiti. Miaka zaidi ya 3000 imepita, hakuna anayejua majina ya wale wafugaji, lakini samadi ya ng'ombe wao bado inatoa ushuhuda.

6. BIBOKOBOKO

Sasa tufike nyumbani. Bibokoboko iko juu, kwenye milima ya Fizi nyuma ya Baraka. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya bahari, na plato za kule juu zinapita mita 2000. Mtu akishuka kutoka kule anahisi joto kama amefungua mlango wa jiko. Mwezi wa Oktoba 2021 vita ilipiga Bibokoboko na vijiji vya pembeni. Nyumba zilichomwa, na watu wengi walishuka Baraka na pembeni yake. Maneno ya nani alianza na nani alifuata, siyatii hapa. Ninataka kuzungumza juu ya kitu kimoja tu: mahali.

Mtoto aliyeshuka wakati ule akiwa na miaka 5 anakua bila kukumbuka njia. Anajua jina Bibokoboko, ndiyo. Lakini Bibokoboko si nukta moja. Mwenyeji hasemi "ninaenda Bibokoboko", anataja kilima, kijito, malisho, pahali pa soko, pahali pa kanisa, na kila kimoja kiko na jina lake. Majina hayo kwa sehemu kubwa hayako kwenye karatasi yoyote. Yako kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanakufa kwenye vyumba vya kupanga na kwenye makambi. Mimi ninajua vijana wanaoweza kukuchorea ramani ya Los Santos bila kuangalia, lakini hawawezi kukuonyesha kisima ambacho bibi yao alichota maji. Siwalaumu. Ramani moja walipewa, nyingine hakuna aliyewapa.

Hapo ile kazi ya macho mawili inakuwa kazi ya kweli. Utasema: lakini kwenye mchezo ninasimama pahali ninapojua, ninalenga palipofichwa, huku juu siwezi kupanda leo. Sawa. Topografia iko na njia ya kugeuza. Mtu aliyesimama pahali pasipojulikana, akilenga pahali pawili panapojulikana, amejiweka kwenye ramani vilevile. Na mzee wako bado amesimama pale, kwa kumbukumbu. Mketishe vizuri, umuulize:

"Baba, ukisimama mbele ya nyumba yenu, ukiangalia ziwa, Ubwari uliiona upande gani wa mkono? Jua lilitokea nyuma ya kilima gani? Kijito cha kuchota maji kilikuwa chini upande wa kushoto au wa kuume? Mulitembea muda gani mpaka huko na ndoo tupu, na muda gani ikiwa imejaa?"

Kila jibu ni mstari. Andika kwenye daftari kabla ya kufungua telefoni. Kisha fungua picha za setilaiti na utafute alama: mikaratusi kwa mstari, njia za ng'ombe, doa la majani ya rangi nyingine. Ukipata pahali panapokubali, ni bado. Tafuta mzee wa pili.

Na hapa ninarudilia ile kanuni ya reli mbili. Wazee wawili waliokaa pamoja, wakasimulia pamoja, ni jicho moja. Umewarusha pahali pamoja. Mzee wa pili awe wa familia nyingine, na ikiwezekana wa kabila lingine aliyepita pale kwa biashara, kwa shule, au kwa kulisha ng'ombe. Asisikie majibu ya wa kwanza. Kama mistari yao inakatana, umepata mahali. Kama majina ni mawili kwa kilima kimoja, andika yote mawili. Kilima kinaweza kubeba majina mawili. Watu njo wanashindwa mara nyingine. Ramani iliyotengenezwa na upande mmoja tu ni mstari mmoja, na kwetu Fizi tumekwisha kuona mstari mmoja unapeleka watu wapi.

Kosa nalo lipime kama tulivyopima nusu ya tofali. Zile nyuzi 2.4 kwa umbali wa kilometa 20 zinakuwa zaidi ya mita 800. Mita 800 milimani ni bonde lingine, pengine hata kijiji kingine na mwenye shamba mwingine. Kwa hiyo mahali ambapo mistari ni miwili tu, andika "karibu na". Wajukuu wakija siku moja kuulizana mipaka, lile neno "karibu na" linaweza kuzuia ugomvi.

7. SI KILA KILICHOFICHWA KINANGOJA KUPATIKANA

Kuna tofauti moja kubwa kati ya mchezo na kwetu, na ninaomba mtu asiiruke. Ngome ya Minecraft imefichwa ili ipatikane. Kwetu, kuna mahali pamefichwa sababu watu walioko pale wanataka kuishi. Njia ambayo akina mama wanapitia kwenda shambani, pahali ng'ombe wanalala usiku, chemchemi ambayo waliohama wanaitumia leo: hivyo si vya kutia kwenye telefoni ya mtu, na si vya kutuma kwenye grupu la WhatsApp la watu 200. Mwenye bunduki naye anasoma ramani.

Kwa hiyo mimi ninatenganisha daftari mbili. Ya kwanza ni ya majina: vilima, vijito, pahali pa shule na pa soko la zamani. Hiyo, wazee wakikubali, inaweza siku moja kwenda kwenye ramani ya wote kama OpenStreetMap, ambayo tangu mwaka 2004 watu wa kila nchi wanaijaza kwa kujitolea, na mtu anaweza kuitumia bila intaneti. Ya pili ni ya maisha ya leo, na hiyo haitoki kwa mzee mwenyewe. Ukishindwa kujua jambo fulani liko kwenye daftari gani, liweke kwenye ya pili. Na hakuna jina la kilima linalostahili mtu apande kutafuta koordone wakati barabara si salama. Kazi hii inafanyika Baraka, kwenye kiti, na daftari.

Wadogo walioko mwaka wa TFC, munalia kila siku kwamba hamna sujet. Hii hapa. Wa agronomia achukue alama za mimea na mazizi. Wa historia achukue majina na wakati. Wa informatika aweke data vizuri. Wa sosiolojia atufundishe namna ya kuuliza bila kufungua vidonda. Gharama yake ni daftari, mega kidogo za kufungulia picha, na sukari ya kuwapelekea wazee.

Na kuhusu ngome yenu ya Minecraft: msirushe jicho lingine leo. Chukueni karatasi ya miraba, andikeni pahali mulirusha mara ya mwisho, kisha tembeeni matofali 500 kwa pembeni. Macho mawili yanatosha. La tatu likae mfukoni mpaka mufike karibu.